Jua la Saa Tatu

Tbilisi kila dirisha lina kopo la kitu kibichi.
Langu lilikuwa na roshani tupu, ghorofa ya nane,
kamba ya nguo, kiti kimoja cha mguu mbovu.
Nikasema: mwaka huu napanda.
Kusema ni bure. Udongo ndio wa kununua.

Udongo unauzwa wapi?
Miaka hamsini na mmoja sikuwahi kuuliza.
Kwa mama ulikuwa kitu cha kufutwa mlangoni.

Duka la kwanza, karibu na daraja, liliandikwa MAUA.
Nikanusa waridi: plastiki.
Mwenye duka akacheka, "Haya hayafi, mama."
Nikamwambia nimeshachoka na vitu visivyokufa,
nikatoka kabla hajaniuliza maana yake.

La pili lilikuwa na kioo na kiyoyozi,
mmea mmoja mmoja umewekwa kama jino la dhahabu.
Kijana, Vakhushti, jina limeshonwa kifuani,
akauliza nataka rangi gani, iendane na sofa?
Udongo hana. Udongo, alisema, unachafua.

Ndipo Lamzira wa duka la dawa,
akinihesabia vidonge vya presha,
akanielekeza bila kuinua uso:
"Nyuma ya stesheni. Pita wauza jibini,
pita yule anayenoa visu. Ukisikia kuku, umepotea, rudi.
Utaona pakiti za mbegu zimeanikwa kwa vibanio, kama soksi."

Nilisikia kuku mara mbili.

Mwenye mbegu aliitwa Zhuzhuna:
kucha nyeusi, koti la kiume, kikokotoo shingoni.
Nikataja mrehani wa zambarau, nikataja nyanya,
nikataja, Mungu anisamehe, tikiti maji.
Akaniacha nimalize.
"Roshani yako inatazama wapi?"
Inatazama jengo la jirani.
"Sikuulizi jengo. Nauliza jua."
Nikanyamaza.
"Umeishi humo miaka mingapi?"
Sita.
"Miaka sita na mtu, hujui saa zake za kuingia na kutoka!"
Akakataa pesa yangu. Nenda kahesabu.

Jumamosi nikakaa kwenye kiti kibovu na penseli.
Likaja saa tatu, likipenya kati ya majengo mawili
kama mtu apitaye kwa ubavu kwenye safu ya viti.
Likagusa kamba. Likapanda goti langu.
Saa sita kasoro dakika tano, hilo, limekwenda.
Jua la saa tatu, basi, kwa maana zote mbili.

Zhuzhuna aliisoma karatasi yangu kama majibu ya maabara.
Tikiti akalifuta. Nyanya akazifuta.
Mnanaa, sawa. Giligilani, sawa.
Mrehani akauwekea alama ya kuuliza.
Kisha, mgongoni mwa karatasi, akaniandikia mji mwingine
ambao sikujua ninaishi ndani yake:
Otia, gereji ya kijani, udongo wa msituni, umechekechwa;
shule ya farasi, samadi, Alhamisi, nenda na mfuko wako;
mwokaji wa mtaa wa nyuma, ndoo za mtindi, bure, ukimsifia mkate;
maktaba ya watoto, dirisha la pili, mbegu za kubadilishana,
usichukue bila kuacha.

Kilo ishirini za Otia nilizikumbatia hadi kwenye lifti.
Lifti yetu hula sarafu. Ikala yangu, ikapanda,
ikagoma ghorofa ya tano.
Mlango ukamfungukia mtu nimsalimuye kwa kidevu tu tangu nihamie.
Akatazama mfuko. Akatazama mikono yangu.
Akatia sarafu yake.
"Wa kupandia?"
Wa kupandia.
"Unauzwa wapi?"

Nikampa karatasi anakili, mlango ukitugonga bega, ukirudi, ukitugonga,
na kitufe cha nane mpaka leo kina dole gumba langu.

Mrehani haujaota.
Nimeupa wiki moja zaidi.